Masika ni ya mkasi, mbegu nazingojesha Juni

Pakiti ya kwanza ya mbegu za maua niliyoinunua kwa pesa yangu ilikuwa ya zinia. Niliipata Kariakoo, kwenye duka la pembejeo, siku niliyokuwa nimevuka kwa pantoni kutoka kwetu Kibada kwenda kufuata nyuzi na zipu za kazi yangu ya ushonaji. Mbele kulikuwa na picha ya ua jekundu, petali zake zimepangana safu juu ya safu kama marinda. Nyuma kulikuwa na maelezo ya Kiholanzi na Kiingereza, na chini yake mstari wa visanduku 12, kila kimoja na mwezi wake. Cha Machi, cha Aprili na cha Mei vilikuwa vimepakwa kijani, maana yake sia mbegu miezi hii.

Mimi ni mtu wa vipimo. Daftari likisema kiuno inchi 36, sikati 34. Basi katikati ya Machi nikachukua trei mbili za mayai, zile za karatasi, nikajaza udongo na samadi, nikasia mbegu 40, moja kwa kila shimo. Siku ya nne asubuhi zilikuwa zimetoka 34. Nilizihesabu mara mbili kabla sijanywa chai.

Usiku wa siku ya saba mvua ikaanza, ile mvua yetu inayopiga bati mpaka watu wa nyumba moja wanashindwa kusikizana. Ikanyesha siku tatu. Jua lilipochungulia nikatoka, nikakuta miche imelala. Majani mawili ya juu bado mabichi kabisa, lakini pale shina linapotoka udongoni pamesinyaa, pamekuwa pembamba kama pamezungushiwa uzi ukakazwa. Wakulima wa nyanya wanaufahamu ugonjwa huo, wanauita kinyausi. Ni vimelea vya kuvu vinavyokaa kwenye udongo uliolowa sana, vinakula shingo ya mche mchanga, na ukishauona umeshachelewa. Ilibaki miche mitatu. Konokono wakaja usiku uliofuata, yale makubwa ya masika, asubuhi pakawa na utelezi wao tu juu ya trei.

Nililia, na sioni haya kusema. Kulea kitu siku zote hizo si jambo dogo.

Mwaka uliofuata nikarudia, Machi ileile, pakiti nyingine, matokeo yaleyale. Ndipo nikakaa chini na ile pakiti tupu, nikaisoma upya kama ninavyosoma kitambaa kabla ya kukikata: kimefumwaje, kinavutika upande gani, kilikusudiwa nani. Pakiti haikusema uongo. Ilikuwa inamwambia mtu mwingine. Kule Uholanzi mtu anayeisoma Machi ametoka kwenye miezi ya baridi ambayo ardhi yake iliganda. Mche wa zinia ukiguswa na jalidi usiku mmoja tu, umekufa. Kwa hiyo yeye swali lake ni moja: baridi imeisha? Machi anasia ndani ya nyumba, kwenye dirisha, Mei anatoa nje. Mwanga wake nao unabadilika sana, siku fupi za Desemba zinarefuka wiki hadi wiki.

Hapa Dar es Salaam hakuna jalidi. Siku yetu ndefu kuliko zote na siku yetu fupi kuliko zote hazipishani hata saa nzima. Joto lipo mwaka mzima. Kinachotugawia mwaka ni maji: masika kuanzia Machi hadi Mei, Aprili ndiyo yenye mvua nyingi kuliko miezi yote, kisha kipupwe, kisha vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba, kisha jua kali la Januari na Februari. Swali langu mimi si baridi. Ni mvua: inakuja, ipo, au inapungua?

Ndiyo maana sasa ninafanya kinyume na pakiti. Masika ninakata matawi na kuchomeka. Mbegu zinangoja Juni.

Kuna watu huniambia mvua ndiyo wakati wa kupanda kila kitu, na kwa mahindi ya shambani wana haki. Lakini mbegu ya ua si punje ya hindi. Mbegu ya petunia ni vumbi. Tone moja la mvua ya Aprili likiiangukia linaifukia au linaitupa nje ya kopo. Tawi lililokatwa lina tabu tofauti kabisa. Halina mizizi, kwa hiyo haliwezi kunywa vya kutosha, na huku majani yake yanaendelea kupoteza maji hewani. Ukilichomeka Februari, kwenye upepo mkavu na jua la saa nane, linakauka kabla halijafikiria mizizi. Ukilichomeka mwishoni mwa Machi, hewa imejaa unyevu, mawingu yametanda, majani hayapotezi sana, tawi linapata wiki nne au tano za kuvuta pumzi. Wakati huo chakula kilichotengenezwa na majani, pamoja na homoni inayoitwa oksini inayotoka kwenye ncha changa za juu, vinashuka na kurundikana pale chini ulipokata, na hapo ndipo mizizi inapoanzia. Kwa hiyo mvua ileile iliyoua zinia zangu ndiyo inayoyahifadhi matawi. Nilipolielewa hilo nilitamani mtu angeniambia miaka miwili mapema.

Sasa nisimulie mwasumini, maana ndio ulionifundisha mkasi.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa mtu wa Muheza. Kando ya mlango wake wa uani palikuwa na mwasumini, na jioni kabla ya shughuli wasichana walitumwa kuuchuma. Asumini huchumwa alasiri, ua likiwa bado limefumba, kwa sababu linafunguka jua likizama, na harufu inakuja usiku, wewe ukiwa tayari umelifunga kwenye kikuba. Bibi alichanganya asumini na rehani, akipata kilua akaongeza, akafunga kidogokidogo, akawabandikia wanawake kifuani. Hadi leo nikiisikia harufu hiyo barabarani nageuka.

Shangazi alipoolewa Magomeni alikuja na tawi la mwasumini huo. Likaota, likawa kichaka, likapanda ukuta. Miaka michache iliyopita nyumba ile ikauzwa. Mnunuzi alitaka kuvunja ajenge ghorofa. Shangazi akanipigia simu. Nikamwamkia, akaitika marahaba haraka haraka, akasema, "Mwanangu, Jumamosi wanaleta watu wa kukata miti. Njoo na mkasi."

Ilikuwa tarehe 2 Aprili, mvua imenyesha usiku kucha. Nilikwenda na mkasi wa bustani niliouosha kwa spiriti. (Mkasi wa kitambaa haukati mti katika nyumba yangu, na anayeujaribu tunagombana.) Shangazi alisimama barazani akinielekeza. "Usichukue yale malaini ya juu, yatakuozea. Wala hayo magumu ya chini kama kuni. Chukua ya katikati, likunje, likikaa kama linataka kuvunjika ndilo hilo." Nimesoma mengi tangu siku ile na sijaona maelezo bora zaidi ya hayo. Nilikata 24, kila moja urefu wa kama sentimita 15, chini kidogo ya kifundo ambapo jani linatokea, kwa sababu mizizi inapenda kutokea penye kifundo. Tukayaviringisha kwenye khanga yake kuukuu iliyoloweshwa.

Nilipanda daladala hadi Feri, nikaingia kwenye pantoni nikiwa nimeyabeba kama mtoto mchanga. Katikati ya maji mama mmoja mtu mzima aliyekaa karibu nami akainua pua. Akauliza, "Hayo ni asumini?" Nikamwambia, "Ndiyo mama, shikamoo." Hata maua hayakuwepo, lakini alikuwa ameyaona majani yaliyochungulia kwenye khanga. Akanieleza kwamba wa kwao ulikufa zamani. Nikampa mawili, nikamwonyesha mahali pa kukata majani ya chini. Akayafunga kwenye mtandio. Sikumuuliza jina, na kila nikipanda pantoni namtafuta kwa macho.

Kati ya 22 yaliyofika Kibada, 13 yalishika. Mwasumini wa maua yaliyojaa kama ule wa Bibi hautoi mbegu. Sijawahi kuona tunda hata moja, wala Shangazi, wala Bibi hakulitaja. Maana yake kila kichaka cha aina hiyo ninachokipita Upanga au Temeke kimetoka mkononi mwa mtu aliyekata na mwingine aliyepokea. Na kwa kuwa tawi ni mwili uleule uliohamishwa, mwasumini ulio dirishani pangu si mtoto wa mwasumini wa Muheza. Ni wenyewe. Kichaka cha Magomeni kilikatwa Jumamosi ile kabla ya saa sita.

Namna ninavyofanya sasa, baada ya misimu kadhaa: udongo wa Kibada ni mchanga mtupu, na kwa kuchomeka hilo ni bahati, kwa sababu tawi lisilo na mizizi linaoza kwenye udongo mzito. Nachanganya mchanga huo na makumbi ya nazi yaliyosagwa. Makumbi nayaloweka na kumwaga maji mara tatu nne kwanza, mpaka yaache kutoa rangi kama ya chai, kwa sababu mabichi yana chumvi na ukali. Samadi siweki hata chembe. Samadi ni ya mche wenye mizizi. Najaza viriba vidogo, natoboa shimo kwa kijiti ili nisichubue tawi, nachomeka kifundo kimoja au viwili viwe chini ya udongo, nabana kwa vidole. Majani ya chini natoa yote. Ya juu nabakiza mawili, yakiwa mapana nakata nusu ya kila moja. Wageni wakiyaona wanadhani yameliwa na panzi. Halafu chupa ya maji ya lita 1.5 iliyokatwa kitako inafunikwa juu, kizibo kimeondolewa, na viriba vinakaa chini ya mwembe. Simwagilii mpaka nione ndani ya chupa hakuna tena jasho.

Maji nayo ni ya kuangalia. Kisima chetu kina chumvi, ukiacha maji kwenye sahani yakauke unaona weupe. Mti mkubwa unavumilia, tawi na mbegu havivumilii. Nimeweka pipa chini ya paa na maji ya mvua ya masika ndiyo ninayotumia kwa vitoto vyote, na yale ya Mei nayaweka mpaka Juni kwa ajili ya mbegu.

Haibiskasi inashika vizuri, wiki nne hadi sita. Bogenvilia ni ya kusubiri, hata miezi miwili, na inapenda tawi gumu zaidi, unene wa penseli. Bogenvilia inanifurahisha kwa sababu kile watu wanachokiita ua ni majani yaliyopata rangi. Ua lenyewe ni kile kijineli cheupe katikati. Zile za bustanini ni nadra kuzaa mbegu, kwa hiyo uzambarau ule wote unaouona ukining'inia kwenye kuta za Mikocheni umepitia kwenye mkasi. Kijana mmoja mwenye kitalu kando ya barabara aliniuzia mche wa bogenvilia ya machungwa, na nilipomuuliza kaioteshaje akacheka, "Mama, hii unachomeka tu, inashika yenyewe." Haishiki yenyewe. Nyuma ya kibanda chake niliona safu za viriba chini ya kivuli cha makuti, zimepangwa na kufunikwa nailoni. Alikuwa anafanya kazi ya kujivunia na hakutaka kuisifu.

Waridi bado linanishinda. Nimeshikisha manne kati ya mengi, na hayo manne majani yake yanapata madoa meusi kila mvua ikizidi. Nalitaja nipite.

Kuna miti miwili ambayo sheria yangu ya masika haiihusu, na niliijua kwa kuipoteza. Mfranjipani na adeniamu, ile wanayoiita waridi la jangwani, ina utomvu na shina lililojaa maji. Ukikata na kuchomeka siku hiyohiyo kwenye mvua inageuka uji. Tawi la mfranjipani nalikata Januari, naliacha kivulini juma zima hadi kidonda kikauke na kufunga, ndipo nachomeka kwenye mchanga mkavu. Utomvu wa adeniamu ni sumu, watoto wasiuchezee, nami navaa glavu.

Adeniamu ndiyo iliyonirudisha kwenye mbegu, tena kwa heshima. Ni mti wa kwetu, unaota wenyewe porini kwenye sehemu kavu za Tanzania. Uzuri wake kwa watu wengi ni lile tumbo, shina lililovimba chini kama mtungi. Adeniamu ya tawi inachanua mapema, lakini haipati tumbo lile kama inavyolipata iliyotoka kwenye mbegu. Mbegu inaanza kuvimba ikiwa ndogo kama kidole. Nilifungua ganda lake la kwanza lilipopasuka, nikakuta mbegu nyembamba zenye manyoya pande zote mbili, tayari kupeperuka. Nilisia 15, siku ya tano 11 zilikuwa juu, kila moja na kitumbo chake tayari. Hapo mkasi hauna la kusema.

Basi Juni. Mvua imekatika, chini ardhi bado ina ubaridi wa maji, usiku unajifunika shuka, jua la asubuhi ni la upole. Hiki ndicho kipindi changu cha kusia. Zinia, kosmosi, alizeti fupi, vinka. Kinyausi sikioni tena ila nikizidisha maji. Zinia iliyosiwa mwanzoni mwa Juni inachanua Agosti, kama wiki nane hivi, na mwezi huo uwanja wangu unajaa vipepeo hata wateja wanaokuja kupima nguo wanachelewa kuingia ndani.

Adui wa Juni ni sisimizi. Walinibebea mbegu zote za petunia kwa asubuhi moja, wakipanga mstari kutoka kwenye kopo hadi ufa wa ukuta. Sasa meza ya mbegu imesimamishwa miguu yake ndani ya makopo ya maji. Kuku wa jirani nao tumeelewana, yaani nimejenga wavu.

Mbegu zinataka kusikilizwa moja moja, hilo ndilo linalonichosha na kunifurahisha. Nyingi nazifunika kwa udongo wa unene kama mara mbili ya mbegu yenyewe. Petunia haifunikwi, inataka mwanga ili iote, naibandika tu juu ya udongo kwa kiganja. Vinka ni kinyume, inataka giza, kwa hiyo trei yake nailaza chini ya gazeti mpaka niione imenyanyuka. Tawi halikuulizi mambo kama hayo.

Na kuziweka mbegu Dar ni kazi nyingine. Hewa yetu ya moto yenye unyevu inaziua zikiwa ndani ya bahasha. Wanaozihifadhi kwa kazi wana kanuni ya makadirio: ukishusha joto nyuzi 5, maisha ya mbegu yanakaribia kuongezeka maradufu, na unyevu wa ndani ya mbegu ukipungua kwa asilimia 1 ni hivyohivyo. Mimi nazikausha kivulini, naziweka kwenye bahasha za kaki zenye tarehe, bahasha ndani ya chupa ya kioo yenye mchele mkavu uliokaangwa chini, chupa ndani ya friji nyuma ya mtindi. Mume wangu ameshakubali.

Kwa hesabu ya pesa tu, mbegu inashinda. Pakiti moja inakupa uwanja mzima, na mwaka wa pili huhitaji pakiti. Lakini hapo ndipo kulipotokea jambo ambalo bado linanisisimua.

Zile zinia nyekundu za pakiti zilikuwa chotara, mbegu ya kizazi cha kwanza cha kuchanganya mistari miwili iliyochaguliwa. Mimi sikulijua neno hilo. Nilichukua mbegu za ua zuri kuliko yote, nikazisia mwanzoni mwa Septemba, ili Oktoba vuli ikianza miche iwe na shingo ngumu. Novemba maua yakafunguka na hayakufanana na mama yao. Moja la waridi lenye safu moja tu ya petali. Jingine jekundu dogo. Matatu ya rangi ya damu ya mzee iliyofifia. Walichokibana wale wataalamu kwenye chotara kilikuwa kimefunguka na kutawanyika. Jirani akanihurumia, akasema nimeuziwa mbegu mbaya. Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya mche wa pembeni, ulioota karibu na bomba. Ua lake lilikuwa la rangi ya ndani ya pera, na ncha za petali zina ukijani. Nimeshika vitambaa tangu nina miaka 17 na rangi ile sijawahi kuiona dukani.

Ningekusanya mbegu zake, kizazi kingine kingetawanyika tena. Nyuki wanapita kila ua, siwezi kuwaambia wapi waende. Nikakumbuka violeti ya Usambara.

Ni ua la milima ileile aliyokuwa akiiona Bibi kutoka Muheza. Linakaa kwenye miamba yenye kivuli na unyevu, ua dogo la urujuani. Mwaka 1892 afisa wa Kijerumani aliyetawala upande wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alituma mbegu zake kwa baba yake Ujerumani. Mwaka 1893 Hermann Wendland wa bustani za Hannover akalieleza kitaalamu na kulipa jina la Saintpaulia. Mwaka huohuo 1893 Wajerumani walianzisha bustani ya mimea hapa Dar, ile iliyo jirani na Makumbusho ya Taifa, na mimi nikikaa pale kwenye benchi nawaza mbegu zilivyokuwa zikienda na kurudi baharini. Wajerumani hadi leo wanaliita kwa jina la Usambara. Sasa liko kwenye madirisha ya Ulaya na Marekani, na kinacholizidisha majumbani ni jani. Unakata jani moja na kikonyo chake, unalichomeka, kutoka kwenye kidonda kinatoka kichaka kizima kinachofanana na mama. Lilivuka bahari kama mbegu, likaja kuzagaa kama jani. Rafiki yangu wa Lushoto alinipa jani moja ndani ya boksi la sabuni, nalo liko kwenye dirisha la bafuni, mahali pekee penye ubaridi nyumbani kwangu.

Zinia si violeti. Ni ua la msimu, linachanua, linazaa mbegu, linakufa. Lakini matawi yake ya pembeni yakikatwa yakiwa machanga yanaweza kutoa mizizi. Basi mche ule wa rangi ya pera nikaulea kupita Krismasi, nikikata maua yaliyochakaa ili usikimbilie kuzaa mbegu, nikiumwagilia maji ya mwisho ya pipani. Januari nikachomeka vitawi vitano ndani ya nyumba, chini ya chupa. Kimoja kikashika. Nikakilea huku mama akinyauka kwa ukungu mweupe wa majani, na wiki ya kwanza ya masika mwaka huu nikakata vitano vingine kutoka kwa hicho kimoja.

Leo ni siku ya 16. Mvua imenyesha tangu alfajiri, mafundi wangu wawili wamechelewa kwa sababu ya maji barabarani, nami nimepata saa moja ya kukaa chini ya mwembe na mwavuli. Viriba 31 vipo kwenye mstari: asumini 12, bogenvilia 8, haibiskasi 6, zinia 5. Asumini mbili zimeandikwa kwa chaki majina ya mabinti wa Shangazi. Katika zinia mbili zimeoza. Tatu nimezivuta jani polepole, zimekataa kutoka.

Moja ya hizo tatu imetoa kitumba. Kanuni naijua, nikibane kwa kucha sasa hivi ili nguvu iende kwenye mizizi. Kitumba kimepasuka kidogo upande mmoja, rangi inaonekana upana wa uzi, na kwenye mawingu haya siwezi kusema kama ni ile. Sijakibana. Nimerudisha chupa juu yake.